Mikono ya Anti Roda

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi mtaa wa Komarock, sungura wetu alipozaa vitoto vitano na kufa siku ya pili yake. Baba, aliyekuwa dereva, alikuwa safarini. Mama alishinda kazini mjini. Nyumbani tulibaki mimi, Nyanya aliyekuja kutoka Machakos kutibiwa macho, na binti yake mdogo, Anti Roda. Mwezi uliotangulia Anti alikuwa amemzika mtoto wake wa siku sita.

Vitoto vilikuwa uchi, macho yamefumba, masikio yameganda kichwani. Vilianza kupoa. Anti akainama kuviokota kutoka kwenye manyoya ambayo mama yao alijinyonyoa tumboni.

"Roda, acha," Nyanya akasema. "Mikono iliyozika mtoto haigusi kiumbe ambacho hakijafumbua macho. Atakuja avichukue, kimoja kimoja."

"Nani, Mama?"

Nyanya akapapasa kiti, akaketi.

Anti aliviweka jikoni ndani ya katoni, juu ya manyoya yale, kando ya chupa ya maji moto aliyoizungushia leso. Alividondoshea maziwa vuguvugu kwa kichupa cha dawa ya macho kilichokwisha, kisha akavipangusa matumbo kwa pamba yenye maji ili vikojoe, kama mama yao angevilamba.

Siku ya tatu niliona jambo. Niliingia jikoni, nikaita, nikapiga makofi, havikutikisika. Lakini Anti alipokuwa akirudi kutoka kwenye kamba ya nguo, pekupeku, hajafika hata kizingitini, vyote viliinua vichwa pamoja vikaelekea mlango. Vipofu, viziwi.

Asubuhi iliyofuata kimoja kilikuwa kimekufa. Kesho yake cha pili. Kilipokufa cha nne, Anti alikaa sakafuni akaficha mikono kwapani.

"Kilishe wewe hiki," akaniambia. "Mimi siwezi tena."

Nilijaribu. Maziwa yakakitoka puani, kikazidi kuwa baridi. Kwa hofu nikakiweka mapajani mwake.

"Anti, kinakufa!"

Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa mikono.

Siku ya kumi, kikiwa kiganjani mwake, kilifumbua jicho moja, halafu la pili. Hakikumtazama Anti. Kilitazama nyuma ya bega lake, karibu na sinki, kisha kichwa kikageuka polepole, kama kinamfuata mtu kwa macho, hadi mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na jua la saa nane, hapakuwa na mtu.

"Ameenda," Nyanya akasema kutoka kitini, yeye ambaye hata uso wangu alikuwa hauoni vizuri.

Anti akalia, mara ya kwanza tangu aje kwetu. Kitoto kile kiliishi.

Baadaye nimefuga sungura wengi. Najua vitoto visivyo na mama hufa vivyo hivyo, na kwamba huhisi mtetemo wa hatua sakafuni. La mlangoni sina maelezo, wala siyatafuti tena. Linalonisumbua ni jingine. Siku zile zote Anti alitupikia chapati, nami, niliyempenda, nilikuwa nikizificha chini ya kochi nisile kilichopita mikononi mwake. Sikuwa nimemwona akifanya baya lolote. Nilikuwa nimesikia tu, nikaamini. Alizikuta akifagia. Alizikusanya moja moja, akazitupa, na hakuniuliza kitu.