Magoti Yangu kwenye Ukuta wa Balsall Heath

Yule mchoraji sikumpenda tangu siku ya kwanza, na yeye aliliona hilo. Alikuja Jumamosi moja kwenye ukumbi wa kanisa letu kule Aston, sisi Wakenya wachache na akina mama wa kutoka Kongo tukiwa tumemaliza mazoezi ya kwaya. Mwanamume wa miaka karibu sitini, nywele zenye mvi amezisuka mkia mmoja, buti zimejaa matone ya rangi. Mchungaji alitueleza kwamba mgeni ametoka California, amealikwa kuchora ukuta mzima wa kituo cha jamii pale Balsall Heath, na anataka kusikia habari za kazi zetu.

Akaanza na habari zake mwenyewe. Wazazi wake walitoka Meksiko, wakachuma zabibu katika mashamba ya watu maisha yao yote. Yeye alianza kuchora mabango ya wagomaji akiwa bado shuleni, akafungwa mara mbili kwa ajili ya mabango hayo. Akasema yeye ni Mchikano, yaani Mmarekani wa asili ya Meksiko. Zamani jina hilo lilikuwa tusi, lakini wao waliliokota wakajiita hivyo kwa makusudi. Wenzangu waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mimi niliwaza kwamba ni mtu mwenye pasipoti nzuri tu anayeweza kujichagulia tusi.

Lakini nilizungumza naye. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Kulikuwa na baridi, basi langu lilikuwa bado, na katika miaka mitatu ya kuishi Birmingham hakuna aliyewahi kuniuliza kazi yangu ikoje halafu akanyamaza asikilize. Nikamweleza juu ya nyumba ya wazee ya Kingstanding nilikofanya kazi. Kulikuwa na bibi mmoja aliyenitemea mate kila asubuhi nilipomwosha, akaniita majina ambayo sitayaandika. Nilipopiga magoti kupangusa sakafu aliyoichafua kusudi, aliniwekea mguu mgongoni kana kwamba mimi ni kigoda. Nikamweleza pia kwamba kwetu Nakuru nilikuwa mwalimu, nimefundisha hisabati miaka kumi na mmoja. Muda wote huo alikuwa akinichora kwenye kidaftari.

"Naweza kuitumia hii?" akauliza.

Nilidhani anasema ile picha ndogo. Nikamwambia sawa.

Miezi miwili baadaye rafiki yangu wa kwaya, mama wa kutoka Bukavu, alinipigia simu.

"Dada, weye njo uko kwa ukuta?"

"Ukuta gani?"

"Ule wa Balsall Heath. Ni weye kabisa. Kuja uone."

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Pale ukutani nilikuwa mkubwa kuliko nyumba za jirani. Nimepiga magoti, kitambaa mkononi, kovu langu la juu ya jicho limechorwa sawasawa, na mguu mweupe wa kizee umetulia mgongoni mwangu. Kando yangu kulikuwa na wanaume wa kiwandani, wapishi wa mikahawa, dereva wa teksi, wote wamesimama wima. Mimi peke yangu nilikuwa chini. Watu waliokuwa wakisubiri basi walitazama ukuta, kisha wakanitazama mimi.

Gazeti la mtaani likachapisha picha. Meneja wa nyumba ya wazee aliniita ofisini akaliweka mezani.

"Familia ya mkazi wetu inauliza kama huu ni mguu wa mama yao," akasema. "Umetoa siri za mkazi."

Nikapewa barua ya onyo, nikahamishiwa chumba cha kufulia. Kama ule mguu ulikuwa wa kweli au la, hakuuliza.

Kanisani ikawa vibaya zaidi. Muuguzi mmoja Mkenya, niliyemheshimu kama dada yangu mkubwa, alinivuta kando.

"Umetuvua nguo," akasema. "Nyumbani wanajua tunafanya kazi za ofisi. Sasa watoto wetu wanapita pale na wenzao wa shule."

"Mimi sikuchora."

"Wewe ndiye uliyesema."

Siku iliyofuata sikuwa na zamu. Nikapanda basi hadi Balsall Heath. Mchoraji alikuwa juu ya jukwaa la mabomba, anamalizia pembe za ukuta. Nikamwambia ashuke. Akashuka taratibu akijifuta mikono.

"Nilikuambia nilikuwa mwalimu," nikasema.

"Nilikusikia."

"Basi mwalimu yuko wapi hapo?"

"Hiyo si picha yako, mama. Ni mashtaka. Nawashtaki wao."

"Mashtaka ni yako. Magoti ni yangu."

Akaudhika. Akasema mama yake alipiga magoti kwenye sakafu za watu miaka mingi, na picha yake ya kwanza iliyopata sifa ilikuwa ya mama huyo, hivyo hivyo, na ndoo kando.

"Alipoiona alisema nini?" nikamuuliza.

Akachokonoa rangi kwenye kucha. "Hakunisemesha mwaka mzima," akasema.

"Na bado hukujifunza."

"Wenye mashamba walishindwa kunifutisha. Polisi walishindwa. Wewe unataka nini, nikuchore na joho la mahafali?"

"Nataka unifute."

"Siwezi. Ukuta huu ni wa watu."

"Na mimi ni nani?"

Akanigeuzia mgongo, akapanda tena. Nilisimama pale nikatukana kwa lugha yetu ya nyumbani, maneno ambayo mama yangu hakujua kama nayajua.

Yule mama wa Bukavu akanisindikiza mbele ya kamati ya kituo. Walikuwa na adabu, wakatupa chai, wakamwagiza mchoraji aibadilishe picha. Alitii kwa njia yake. Siku yake ya mwisho aliufuta uso wangu kwa rangi ya matofali, akaacha mwili, magoti, kitambaa na mguu. Akaondoka bila kumuaga mtu. Gazeti lile lile likasifu mwanamke asiye na uso, ati sasa amekuwa wanawake wote. Nililisoma chumba cha kufulia, nikalitupa kwenye ndoo ya maji machafu.

Jambo lililofuata nalisema kwa sababu ni kweli. Familia ziliendelea kuuliza maswali, na wakaguzi wakaja. Ikaletwa ile mashine ya kuinulia wazee tuliyoiomba tangu nianze kazi, ikawa amri kwamba yule bibi ahudumiwe na watu wawili kila mara, nami nikatolewa chumba cha kufulia nikarudishwa kuhudumia wazee. Wasichana walioajiriwa baadaye hawakujua kwamba zamani haikuwa hivyo. Mmoja alisema meneja wetu ana huruma. Nikaendelea kutandika kitanda.

Rafiki yangu alipewa anwani ya mchoraji pale kituoni, akaniletea. "Umuandikie, dada," akasema. "Ule mzee alifanya mubaya, lakini mashine iko."

Nilijua iko, maana mgongo ulikuwa umeacha kuniuma. Nikairudisha karatasi mkononi mwake, nikamwambia akitaka aandike yeye.