Siku Tulipompata Kipa

Nikinusa spiriti ya kinyozi, shingo yangu hukakamaa. Narudi kimawazo saluni ya baba, mtaani kwetu Umbilo, jioni ambayo usajili wa ligi yetu ya Jumapili ulikuwa unafungwa. Baba ndiye alikuwa kocha, na wachezaji wake wote aliwanyoa mwenyewe, bure. Kwenye kiti alikaa kaka yangu, mfungaji wetu.

"Eish, kocha, magoli iko, lakini nyuma iko wazi," nahodha alifoka. "Watu wa timu ya Glenwood wanatupatia kipa wao kama tunawapa huyu."

Wembe ukasimama kisogoni mwa kaka. Hakugeuka. Baba akamalizia mstari, akampaka spiriti, akampuliza shingoni kama siku zote.

"Basi mumpeleke," baba akasema.

Msimu ule tulibeba kombe. Kaka alikuwa ameshaanza kunyolewa Glenwood.