Siku Bibi Aliponisindikiza Kwenye Usaili

Mjomba wangu alikuwa na kazi ambayo hapa kwetu haikuwapo nilipozaliwa: alikuwa anapima watoto. Anamtazama mtoto wa kidato cha sita, anamuuliza masuala mawili matatu, kisha anatamka kama mtoto huyo atachukuliwa na chuo kikubwa cha ng'ambo, kile kinachojivunia wingi wa watu kinaowakataa. Mwenyewe aliwahi kusoma huko, mahali ambapo hatukuwahi kuelezwa vizuri, akarudi na koti moja zito alilolivaa kaskazi nzima. Jasho lilimtoka. Koti halikumtoka.

Mimi nilikuwa nakaa na bibi yangu, mama yake mama, Mji Mkongwe, kwa ajili ya skuli. Wazee wangu walikuwa Kizimbani, ambako baba alifanya kazi kwenye shamba la serikali. Nilitaka kusoma hisabati, na nilikitaka chuo kimoja tu, kwa sababu ndicho kilichotoa ufadhili wa kila kitu mpaka tiketi ya ndege. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba kwa kuwa nacheka sasa, nilikuwa nacheka na wakati ule.

Mjomba alikuja kunipima siku ya Ijumaa baada ya sala, akijua fika kwamba Ijumaa bibi anapika biriani.

"Hadithi yako nini?" aliniuliza kabla hata hajakaa sawa mkekani.

"Hadithi gani, mjomba?"

"Wale wanataka hadithi. Umeteseka vipi? Baba yako yuhai?"

"Yuhai. Si uliswali naye Idi?"

Akakunja uso kama mtu aliyeuziwa nazi mbovu. "Na mama?"

"Naye yuhai, alhamdulillahi."

"Hakuna hata ugonjwa?"

Nikamwambia baba ana vidonda vya tumbo. Akavifikiria kidogo vile vidonda, akaona havina uzito wa kuvuka bahari.

Baada ya hapo tukaingia kwenye uongozi. Alitaka kujua nimeanzisha jumuiya gani. Wakati ule kila mtoto aliyepimwa na mjomba alikuwa ameanzisha jumuiya ya kusafisha pwani, na kwa kuwa wote walipewa ushauri mmoja, wote waliisafisha pwani ileile, Jumamosi ileile. Taka zikawa hazitoshi. Niliwahi kuwaona wenyeviti wawili wakigombania chupa moja ya plastiki, kila mmoja na mpigapicha wake.

Nikamwambia mimi sina jumuiya. Mimi napiga mirathi. Mtu akifa mtaani kwetu, kabla warithi hawajakwenda kwa kadhi, wanawake wananijia niwafanyie hesabu: mke aliyeachiwa watoto ana thumni yake, moja katika nane, mama ana sudusi yake, moja katika sita, kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Nilianza nikiwa kidato cha pili, pale jirani yetu mmoja alipokaribia kupunjwa na kaka zake kwenye nyumba ya baba yao. Nilimchorea mafungu kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi wa bibi, akayashika kwa moyo, akenda akayasema mbele ya kadhi bila ya kukosea. Tangu hapo wakawa wananiletea maiti zao zote.

"Hilo usilitaje," alisema mjomba. "Watakuogopa. Sema unaokoa kasa."

"Kasa wa baharini? Sijapata hata kumgusa kasa, mjomba."

"Nani kakwambia umguse?"

Bibi akaleta sinia. Kabla ya biriani nafasi yangu ilikuwa ndogo, tena ndogo sana. Mjomba alipoongezewa nyama ikawa ya wastani. Ilipokuja halua na kahawa ikapanda, mpaka akanishauri nianze kutafuta nguo za baridi. Sijapata kuona sayansi inayopikika vile.

Bibi alisikiliza yote. Mjomba alipokwenda zake, bibi akaufunga mlango kwa komeo, akachukua chetezo akanifukiza ubani kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo za miguu.

Hapa lazima nimueleze bibi. Bibi hakupata kunisifu hata siku moja. Nilipoongoza darasa aliwaambia majirani nimepasi kwa kuponea chupuchupu. Mgeni akisema mtoto huyu kakua vizuri, bibi atajibu papo hapo, "Huyu? Mvivu huyu, na pua lake kama mchi wa kupondea viazi." Watu wa kwetu wanaielewa lugha hiyo. Kitu chema hukianiki nje. Bibi alikuwa na ushahidi wake: dada yake alisifiwa nywele harusini, hakuna aliyesema mashaallah ya kukinga jicho, na fungate halijesha nywele zikaanza kutoka kwa mafungu. Kwa hiyo kila aliponitukana mbele ya watu nilijua ananifunika shuka. Nilijua, na bado iliniuma, maana mtu hutamani japo mara moja afunuliwe.

Majuma machache baadaye chuo kikaniandikia kwamba mwanamke mmoja aliyesoma kwao zamani yuko likizoni Unguja, na atanisaili katika hoteli anayokaa, Shangani. Mjomba akaja mbio na koti lake. "Jisifu," alisema. "Usione haya. Wenzako wanajisifu tangu wana miaka mitano. Na nenda peke yako, wale wanapenda mtu anayejitegemea."

"Mwanamwari aende hoteli peke yake?" alisema bibi. "Akaonane na mtu nsiyemjua? Nnakwenda naye."

Mjomba alibisha. Unaweza kubishana na kadhi, hubishani na bibi. Siku ya siku akavaa buibui lake la harusini, akachukua kikapu cha visheti, tukaenda kwa miguu huku akisalimiwa kila pembe.

Yule mwanamke alikuwa mtu mzuri, kwa kweli. Alitupokea kwa furaha, akavila visheti, akamtaka bibi akae na sisi mezani. Kosa la kwanza lilikuwa hilo. Aliniuliza napenda kufanya nini nje ya masomo. Nilifungua mdomo niseme kasa, kasa akakataa kutoka. Nikasema mirathi. Nikamueleza mafungu, chaki, na yule jirani mbele ya kadhi. Niliona macho yake yanafunguka, akaweka kikombe chini, akaanza kuandika haraka haraka. Nikasema moyoni, nshapata.

Hapo akauliza suala lile. Alimgeukia bibi akacheka kwa upole, akaniambia nimtafsirie: bibi anaona mjukuu wake ni hodari wa kitu gani?

Nikatafsiri. Bibi akanitazama. Mgeni asiye wa dini yetu, asiyejua kusema mashaallah, kalamu mkononi, anataka kuandika uzuri wa mjukuu wake kwenye karatasi itakayosomwa na watu ambao hawatamjua kamwe. Nadhani alimuona dada yake pale pale.

"Mwambie huna lolote," alisema. "Mvivu. Msahaulifu. Hujui hata kupima chumvi ya mchuzi. Na hizo hesabu unabahatisha."

Ningeweza kudanganya? Bibi Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha kumuondosha mtalii barazani kwake. "Good" alikuwa akilijua. Nilijaribu kulipenyeza, nikasema bibi anasema kazi yangu ni nzuri kiasi, akanikatiza papo hapo, akamtikisia kidole yule mwanamke: "No good. No good." Nikayatafsiri yote, moja baada ya moja, kwa mdomo wangu mwenyewe, na Kiingereza changu kilichosifiwa skuli nzima. Sidhani kama chuo kile kiliwahi kupata muombaji aliyejishitaki kwa ufasaha ule.

Mwanamke alidhani ni mzaha, akacheka. Bibi hakucheka. Mwanamke naye akaacha kucheka. Akauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani naungwa mkono. Nikajaribu kumueleza mambo ya jicho na husuda. Kila nilichosema kilizidi kuharibu, maana sasa nilikuwa mtoto wa hisabati anayeamini kwamba nywele hukatika kwa kusifiwa. Wakati wa kuagana aliniambia mimi ni kijana wa ajabu. Bibi alimshika mkono, akamlazimisha aseme mashaallah, kisha akamtaka arudie.

Njiani nilimkasirikia mpaka nikashindwa kutembea sambamba naye. Alinifuata nyuma polepole na kikapu kitupu, akisalimia watu, ameridhika kama aliyenivusha mto wenye mamba.

Jibu lilikuja kwenye simu nikiwa nachambua mchele. Walisema waombaji wote walikuwa wazuri sana, ambayo ndiyo adabu yao ya kumkataa mtu. Nilikwenda chooni nikafungua bomba, nikalia mpaka macho yakavimba. Mjomba alikuja Ijumaa ile akasema alishanena tangu mwanzo kwamba nafasi ilikuwa ndogo, kisha akauliza kama ipo pilipili. Kama ni kwa sababu ya bibi au kwa sababu ya wingi wa watu, sijui mpaka leo. Mjomba yeye alijua. Alisema ningetaja kasa.

Bibi hakuniuliza kitu. Aliniona macho, akatosheka.

Siku ya pili yake baada ya laasiri majirani walikuwa wamekaa naye barazani kama kawaida, na mimi niko ndani ya mlango nakunja nguo. Mmoja akauliza, habari za mtoto na ule ulaya wake? Nikangojea pua, uvivu, chumvi ya mchuzi.

"Hawakumchukua," alisema bibi. Kisha akapaza sauti, sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, wapita njia wakageuka. "Na mjukuu wangu huyu hana mfano wake Unguja nzima! Kichwa chake kile, hata wanaume hawana. Kadhi mwenyewe hakumpata na kosa. Na mzuri, mtazameni sura yake! Mtoto wangu huyu ni nuru ya nyumba."

Wanawake waliitikia kwa upole, naam, kweli bibi, mtoto hodari yule. Hakuna hata mmoja aliyesema mashaallah, wala bibi hakumkumbusha mtu. Nilisimama nyuma ya mlango na kanga mkononi, nasikia sifa nilizozingoja tangu utotoni, na hapo ndipo nilipojua, kuliko nilivyojua kwenye simu, kwamba siendi.