Sikio la Sonara

Umewahi kumwona mtu akiiba kwa sikio? Sonara wa mtaa wetu hapa Harar huidondosha sarafu ya kale juu ya jiwe, hufumba macho kama anayeomba dua, husikiliza. Fedha halisi hulia kwa muda mrefu. Bandia hunyamaza papo hapo. Juzi Mama Rumana alimletea sarafu ya mkufu wa arusi yake, ingali na kishikio cha kuitungia kilichochomelewa, ili aiuze amnunulie mwanawe dawa. Ikanyamaza.

“Bandia, dada yangu.”

“Mama yangu aliivaa hii.”

“Basi na yeye aliingizwa mjini.”

Akampa bei ya bati. Kesho yake asubuhi nilimkuta sonara akikikata kile kishikio kwa msumeno. Akaidondosha sarafu tena, akafumba macho. Ikalia mpaka nje.