Mizinga Iliyobaki Juu ya Kijito

Enzi zetu, sisi watoto wa mlima juu ya Kapsokwony, asali haikujua chupa. Mtacheka, wenzangu wa rika, kwamba tuna umri gani wa kusema enzi zetu. Lakini nani kati yenu ana mtoto anayejua ladha ya sega lenye moshi? Vijana wa Kitale siku hizi wanamimina sukari iliyochemshwa kwenye chai, wanaipiga picha na kuiita asali ya msituni.

Babu alitundika mizinga yake, magogo ya mtarakwa yaliyochongwa ndani, kwenye miti mirefu iliyofuata kijito. Alipanda na kienge cha majani makavu kinachofuka moshi, sisi tukabaki chini na ndoo, shingo zikiuma kwa kutazama juu. Kila mara aliacha masega kadhaa ndani. "Hayo ni ya wenyewe," alisema. Nilikuwa mbishi tangu hapo. Nilishuku mkono wake haukufika nyuma kabisa, nikamwambia hivyo.

"Panda wewe basi, mwalimu," akanijibu. Binamu zangu waliniita mwalimu mwaka mzima.

Mti wenye mzinga haukukatwa na mtu yeyote, na mzinga wa mwisho ndio uliokuwa mpaka wetu. Hatukuwa na ua. Majirani waliinua macho tu, wakajua wamefika kwa nani.

Babu ameshaondoka duniani. Mwezi uliopita walikuja wageni kwenye mkutano wa kijiji na mizinga mipya ya masanduku, imepakwa rangi ya manjano, ya bure. Sharti lilikuwa dogo: iwekwe huku chini karibu na shule, na ile ya zamani ishushwe ili msitu upumzike.

"Upumzike kutoka kwa nani?" niliuliza. Mgeni akatabasamu, akaendelea kugawa soda.

Tulipofika nyumbani Baba alinigeukia. "Tangu uende chuo kikuu hata uji unauuliza maswali. Kitu ni cha bure, si uchukue tu, bana!"

"Baba, tukishusha mizinga, kesho tutaonyesha nini kwamba kule ni kwetu?"

"Si kila mtu anajua?"

"Wewe ukiondoka kama Babu, atajua nani?"

Jumamosi alichukua kamba na kienge, tukapanda mlima. Tulipita visiki vibichi, vumbi la msumeno bado likinuka. Kando ya kijito miti iliyobaki imesimama ilikuwa ile ya mizinga tu. Baba aliiangalia muda mrefu. Kisha akapanda, akavuna, akashusha ndoo kwa kamba. Nikasubiri mzinga ufuate. Alishuka mikono mitupu.

"Masega mengine nimewaachia wenyewe," alisema, akikunja kamba.

Wageni waliporudi kuuliza kwa nini hatujashusha chochote, aliwajibu kwa upole: "Bado kuna nyuki ndani." Wakapakia masanduku yao ya manjano wakaenda. Watarudi, nina hakika, na kitu kingine cha bure.

Utotoni tulifundishwa kukimbia nyuki na kumkaribisha mgeni kwa mikono miwili. Leo nikisikia gari likipanda mlima nasimama mlangoni kutazama limebeba nini, na kukumbuka mvumo wa nyuki kwenye mizinga ya Babu ndiko kunakonituliza.