Nyeupe Kwanza

Juzi, kule Katesh, niliona kibao cha duka kimebabuka, nyekundu ya zamani ikichungulia chini ya nyeupe. Harufu ya tapentaini ya kuoshea brashi ikanirudia pale pale.

Baba alikuwa mchora mabango Dongobesh. Nembo ya duka la mama la kushona, sindano nyekundu na ua la kijani, aliichora mara nyingi, maana mama hakuwa mwepesi wa kuridhika.

"Baba Zuhura, nyekundu imelemea huku. Ongeza kijani kule, kitulie."

Baba alicheka, akafunika kibao chote kwa nyeupe, akaanza upya.

Mchana mmoja, watu wa msiba wa mama walikuwa wameshaondoka. Upepo wa baridi ulipiga mabati; cherehani ilikuwa kimya. Baba alipanda kwenye stuli, akapaka nyeupe polepole juu ya sindano, juu ya ua, juu ya jina la mama.

Nilifurahi. Nilikimbia kuleta makopo ya rangi, nyekundu na kijani.

"Baba, leo tunaanza na ipi?"

Alikuwa anaosha brashi. "Nenda ndani, mwanangu. Baridi."

Siku hizi natengeneza nembo kwa kompyuta, na huwaambia wateja kwamba nyeupe huzipumzisha rangi nyingine.

Siku ile sikuingia ndani. Nilikaa chini ya kibao na makopo yangu mawili, nikisubiri nyeupe ikauke.