Miiba Ndani ya Damu

Kazi yangu ya kutazama chembe za damu kwa hadubini ilianza kwa kukatazwa kutazama. Miaka ile ya hamsini, katika hospitali moja ndogo kwenye vilima vya Iringa, nilikuwa napaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, nakianika dirishani, halafu nakitia rangi. Kutazama kulikuwa kwa daktari, Mzungu, kwa sababu macho yake yalikuwa yamesoma.

Kila asubuhi niliifuta lenzi, na ili kujua kama imetakata ilinibidi nichungulie. Mungu anisamehe.

Msimu mmoja daktari akagundua maradhi mapya. Katika damu ya wagonjwa wetu wote aliona viduara vyenye miiba. Akavichora kwa wino, akayaita maradhi ya damu ya Kiafrika, akaanza kuwaandikia wakubwa wake Ulaya.

Nikamwambia, "Bwana Daktari, hilo ni vumbi la maua ya pareto. Memsahibu wako anayaanika hapo chini ya dirisha."

Akacheka kwa upole, kama mtu aliyesikia mbuzi akihubiri. "Wewe anika vioo."

Nikaanika. Siku moja akajitoa damu yake mwenyewe, apate mfano wa damu safi ya Kizungu. Nikaianika palepale dirishani. Alipoinamia hadubini alibadilika rangi, kisha kwa mara ya kwanza akanisogezea kiti.

"Hebu tazama wewe."

Nikatazama bila haraka, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pole sana, Bwana Daktari," nikasema. "Kumbe na wewe ni mwenzetu."